Mbwa Asiyepanda Ngazi

Horsens, 4 Machi

Dada yangu mpendwa Bodil,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kikohozi kimekwisha. Mimi sijambo, ila goti na hasira.

Unajua natafuta mtoto wa mbwa, wale wa mgongo mrefu na miguu mifupi, wenye manyoya magumu kama brashi. Nilidhani mtu anakwenda, analipa, anarudi na mbwa. Muuzaji wa kwanza, bwana mmoja mchangamfu, alitaka tukutane kwenye maegesho nyuma ya duka la samani, mtoto akiwa kwenye buti la gari. Nilipouliza mama yake yuko wapi, akasema ametoka kidogo. Nilipoomba cheti cha daktari, akacheka, akasema mzee, unanunua mbwa au unaoa? Niliondoka mikono mitupu. Uso wa yule mtoto bado nauona, lakini ningemlipa yule bwana, wiki ijayo angeleta wengine.

Basi nikaenda kwa Vibeke, mfugaji wa kule karibu na Skive anayesifiwa na kila mtu. Huko mama yupo, kalala jikoni na watoto watano, na mgongo wake umepigwa eksirei kuthibitisha ni mzima. Nikafurahi. Kumbe anayekaguliwa ni mimi! Saa mbili nzima, kahawa ikipoa, akaniuliza nashinda wapi, naamka saa ngapi, nani atamtunza mbwa nikilazwa. Nikamwambia hata posta waliponiajiri hawakunihoji hivyo. Akasema barua hazilii zikiachwa peke yake, mzee wangu.

Kisha akauliza naishi ghorofa ya ngapi. Ya tatu, nikasema, lifti hakuna. Akatikisa kichwa: mbwa hawa ngazi zinawaharibu mgongo. Nikasema nitambeba. Akalitazama goti langu, akauliza, na wewe atakubeba nani?

Niliudhika kwa sababu alisema kweli. Na mmoja wa watoto, dume mwenye doa kifuani, alikuwa amesinzia juu ya kiatu changu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana simu ungenikatia. Nilimwambia Vibeke kwamba nahamia nyumba isiyo na ngazi, nikampa anwani yako. Jumamosi saa nne asubuhi atakuja kukagua ua.

Siku tatu natafuta dawa ya uongo huu, na nimepata moja tu. Tangu shemeji Aksel afariki umeniomba mara tatu nihamie chumba cha nyuma, na mara tatu nikajibu kwamba sijawa mgonjwa. Kama chumba bado kipo, nijibu kabla ya Ijumaa. Kama hakipo, nitamwambia Vibeke ukweli mwenyewe, na mtoto aende kwa mwingine. Kujiombea mimi sikuweza, dada. Kumwombea mbwa, naona naweza.

Jifunike vizuri, baridi bado ipo, na majirani wote uwape salamu zangu.

Kaka yako mkaidi,
Preben