Benzi la Lennox Laenda Posa Kinyumenyume

Mangi, uko wapi? Usicheke kwanza.

Unajua Lennox alivyoing'oa mwenyewe giaboksi ya otomatiki kwenye lile Benzi lake kuukuu, akatia nyingine? Hakutaka fundi, eti ameona YouTube.

Leo tumelipeleka Msambweni, kwa kina Sidi, kupeleka posa. Dereva mimi.

Kutoka Ukunda, shwari. Nikapitiliza kidogo njia ya kwao, nikatia rivasi. Ikakwama hapohapo! Gia za mbele zote zimekufa.

Lennox akasema, "Ingia hivyohivyo!"

Nikaingia. Kinyumenyume, Mangi! Wazee wametoka kutupokea, sisi tunawaonyesha buti la gari!

Shangazi yake Sidi akauliza, "Huyu anakuja au anaondoka?"

ANAKUJA AU ANAONDOKA! Lennox akatoa kichwa dirishani, "Shikamooni!"

Shangazi akasema, "Mchumba wa kuja kinyumenyume hatumtaki. Nendeni, gari limeshaelekea barabarani."

Limeelekea, ndiyo. Ila haliendi!

Tumefukuzwa, na bado tuko uani kwao. Nikamweleza shangazi ukweli wa gia. Akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa ameleta chai. Anasema mume asiyeweza kukimbia ndiye hasa aliyekuwa akimtafutia Sidi.