Kastabani Mbili za Mwisho

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache. Tulikuwa tumekaa mezani tukitafuta maneno ya kukuandikia, hodi ikapigwa na mtu tusiyemjua.

Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, mkononi kikopo kitupu cha maziwa ya unga. Akamwamkia mumeo shikamoo, kisha akauliza kwa tabasamu, "Mama Kastabani nimemkuta?"

Jina hilo lilikuwa halijaitwa humu ndani siku nyingi. Ulishona nguo za watu miaka arobaini, na kastabani, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, hukuivua hata ulipoingia jikoni. Ndiyo iliyokuwa kipimo chako: kikombe kimoja cha karanga, kastabani moja ya viungo. Tukikuletea kijiko ulicheka: "Hicho ni cha walafi."

Binti yako mkubwa ndiye aliyemwambia kwamba umefariki. Mgeni akakaa ghafla, kikopo amekipakata.

"Sikujua, dada. Muda wote huo nilikuwa hospitali, namuuguza mke wangu."

Kumbe ni fundi saa. Akatueleza tusiyoyajua: kwamba ulimshonea mkewe gauni pana la wodini, lenye vifungo vikubwa ili vidole vyake dhaifu viviweze. Ndani ya kikopo kile ukamtumia karanga zako za sukari na viungo, na wiki ile hakukubali kutia kitu kingine kinywani. Ukamwahidi mumewe, "Siku akirudi nyumbani kwa miguu yake, niletee kikopo nikujazie."

"Karudi jana," akasema. "Kwa miguu yake. Kitu cha kwanza kaniuliza kikopo kiko wapi."

Akainuka aende zake. Mumeo akamrudisha kwa mkono. "Kaa, kijana. Chai haijaisha."

Huku jikoni wanao wakanong'onezana kama enzi zile walipokuwa wakiiba sukari. Viungo ulivyotwanga mwenyewe vilikuwa vimebaki kastabani mbili tu, chini kabisa ya kichupa. Mdalasini tunaujua, iliki tunaijua. Kuna kitu cha tatu ambacho tumekibishania mwaka mzima, na wewe hukumwambia mtu.

Mjukuu wako, yule aliyemaliza chuo mwezi ule ule ulipoondoka, alikuwa akikifungua kichupa hicho kila jioni. Anavuta harufu mara moja, anafunga. Kwa kitambo kidogo unakuwa umesimama nyuma yake, unavumisha wimbo wako usio na maneno, kioo cha dirisha kimejaa mvuke, na hakuna aliyekwenda popote.

"Vikiisha hivi, ndiyo basi," binti yako mkubwa akasema. "Tumpe za dukani."

"Bibi hakumwahidi za dukani, shangazi."

"Wewe na misimamo yako ya darasani!"

"Si ya darasani. Nimeipata hapa hapa jikoni." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini kichupa alikuwa ameshakishika.

Basi tukapika. Sukari na maji vikachemka, vikombe viwili vya karanga vikamiminwa, mwiko ukazunguka. Maji yalipokauka, sukari ikageuka mchanga mweupe, ikazing'ang'ania karanga kama vumbi. Kitindamimba wako, ndevu zote zile, akadhani zimeharibika kama anavyodhani siku zote, akadaka jagi la maji.

"Weka chini hilo jagi!" Dada yake akampiga kofi la mkono. "Mara ngapi Mama alikwambia?"

Kisha wote watatu, bila kupanga, wakasema maneno yako: "Subiri. Itarudi."

Moto ukapunguzwa, mwiko haukusimama. Ikarudi. Mchanga ukayeyuka, ukashika rangi ya asali, karanga zikaanza kugonga kuta za sufuria. Hapo mjukuu wako akavaa kastabani yako kwanza, inampwaya, kisha akaivua akapima. Moja. Ya pili ilibidi akung'ute kichupa.

Harufu ikatoka jikoni taratibu, ikapita sebuleni, ikaingia chumba ambamo cherehani yako imefunikwa shuka. Mumeo akafumba macho pale alipoketi.

"Amerudi kutoka sokoni," akasema kwa sauti ndogo.

Fundi saa naye akainamisha kichwa, na kwa muda nyumba nzima ikawa ile ya zamani, tukisikiliza kama viatu vyako vitavuliwa mlangoni.

Kikopo kilijaa hadi ukingoni. Hatukubakiza hata moja. Fundi saa akakibeba kwa mikono miwili, kingali na joto.

"Nimwambie nani katengeneza?"

"Mwambie Mama Kastabani," mjukuu wako akamjibu.

Kichupa kipo rafuni, kitupu. Hatujakiosha.

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda, binti yako mkubwa, kitindamimba wako wa jagi, mjukuu wako, na wote uliowapimia nguo na karanga. Siku ziende zinavyokwenda, Mama, kwetu hutasahaulika. Na mke wa fundi saa amepata kikopo chake.