Mkeka wa Tatu

Kinondoni, Dar es Salaam
Mfungo Tano, Oktoba 1953

Kwa dada yangu Mwanabaraka binti Sadallah, Kilwa Kivinje.

Shikamoo, dada. Nataraji barua hii itakukuta mzima wa afya, na lile jino lililokuwa likikunyima kutafuna umeshaling'oa. Shemeji hajambo? Majirani zetu wa mtaa wa msikitini nao wote hawajambo? Ukiniuliza mie, namshukuru Mungu, sina neno ila magoti, na magoti yangu unayajua tangu hukohuko Kilwa.

Utaushangaa mwandiko. Siku zote barua zangu huandikwa na Marijani, yule karani aliyepanga chumba changu cha uani, na husifiwa mpaka huko kwenu. Hii naiandika mwenyewe kwa herufi zetu za chuoni, na mistari ikipanda na kushuka nivumilie. Yamo humu maneno ambayo sikutaka yapitie kwanza sikioni mwa Marijani.

Nianze na mwanao Chausiku, maana najua macho yako yanalitafuta jina lake. Ni mzima, usishtuke na yatakayofuata. Uliponipa nimlee alikuwa na miaka minne, na pumu yake ilikuwa ikimbana hata hawezi kumaliza kikombe cha uji. Mie Mungu hakunijaalia kizazi, wewe ukanigawia chako, na hilo sitalisahau. Miaka kumi na sita nimemkanda kifua kwa mafuta ya nazi, nimemfukiza, nimekesha naye. Ananiita mama. Wewe akikutaja husema mama wa Kilwa. Watu hapa hupenda kunipigia methali kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami huwajibu kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Usikasirike, dada, ndivyo ninavyowajibu.

Unakumbuka tulimwoza kwa Jabiri, fundi cherehani, kijana mpole asiyejua kupandisha sauti. Cherehani yake anaiweka barazani kwa Shirinbai, yule bibi wa Kibohora, mjane wa marehemu Zoeb, mwenye duka hapa njia panda. Bibi huyo ana miaka yapata sitini, na mgongo wake umenyooka kuliko wa wasichana wanaokwenda kununua chumvi kwake. Zamani sikuwa na ugomvi naye. Alikuwa akinipimia sukari na kunirudishia chenji, basi.

Aliyenitia kichomi ni jirani yangu Jovina, mke wa askari, mwanamke mwema lakini ulimi wake hauna breki. Siku moja tunachambua mchele akaniambia kwamba Chausiku siku hizi hakohoi, anapanda na ndoo ya maji kutoka bombani bila kupumzika, na kwamba yote ni kazi ya Shirinbai anayemfundisha yoga kila alfajiri. Nikamuuliza yoga ni dawa gani. Akasema si dawa, ni namna ya kukaa na kupumua. Nikacheka. Nilicheka sana hata mchele ukamwagika, lakini moyoni nilichomwa. Mtoto nimemlea mie, kifua nimekikanda mie, na aliyepona kapona mikononi mwa mtu aliyemfundisha kupumua! Nani duniani asiyejua kupumua?

Macho hayana pazia, dada. Kesho yake nikasali alfajiri mapema, nikajitia nakwenda kutafuta kuni, nikasimama nyuma ya ua wa makuti wa Shirinbai. Nikachungulia. Niliona mikeka mitatu imetandikwa. Mmoja kakaa Shirinbai, miguu kaikunja kama anayetaka kusuka ukili. Wa pili kakaa Chausiku wangu, mkono mmoja tumboni, macho kayafumba, uso mtulivu namna ambayo sijapata kuuona hata usiku wa harusi yake. Wa tatu mtupu. Huo wa tatu umeshonewa kimto cha sufi katikati, kizuri, chenye pindo jekundu. Nilirudi nyumbani bila kuni. Kutwa nzima nikawa najiuliza ni bibi gani huyo wa kudekezwa anayesubiriwa na kimto, na mbona mie mama mtu sijaambiwa hata kuna mkeka.

Nikaona nimwendee mwenyewe. Nilivaa kanga zangu mpya nisionekane mnyonge. Alinikaribisha chai ya maziwa yenye iliki, nami nikainywa nikitafuta kosa ndani yake, nikalikosa. Nikamuuliza kwa adabu ya juujuu hiyo yoga yake kaitoa wapi. Akaniambia haikuwa yake. Ni elimu ya Bara Hindi, kongwe kiasi kwamba hakuna ajuaye aliyeianza, maelfu ya miaka nyuma. Kulikuwa na watu waliojitenga milimani na misituni wakitaka kuituliza nafsi, na mwalimu alimpa mwanafunzi kwa mdomo muda mrefu kabla haijaandikwa popote. Akasema waliwatazama wanyama, paka anavyojinyoosha akiamka, nyoka anavyoinua kifua, wakaiga, ndiyo maana mikao mingi ina majina ya wanyama. Neno lenyewe, akasema, kwa lugha ya huko lina ukoo mmoja na neno la nira, ule mti unaofungwa shingoni mwa ng'ombe wawili wakavuta pamoja. Mwili ni ng'ombe mmoja, moyo ni wa pili, na pumzi ndiyo inayowafunga.

Nikamwambia mie ni kungwi, wari wa Kinondoni hii nusu nimewacheza mie, na mambo ya mwili sifundishwi na mtu. Akatabasamu, akasema ndiyo maana angependa siku moja tuzungumze, kwani lazima yapo mengi ninayoyajua yeye asiyoyajua. Dada, hakuna kitu kinachoudhi kama kumtupia mtu jiwe akalipokea kama tunda.

Akanisimulia pia kwamba alizaliwa Kachi, hukohuko Bara Hindi, naye alikuwa mgonjwa wa kifua. Jirani yao mzee wa Kihindu akajitolea kumfundisha. Baba yake akahofia dini, akaenda kuuliza kwa mkubwa wao wa dini, akajibiwa: chukueni pumzi, acheni ibada. Basi wakachukua pumzi tu. Ndivyo anavyomfundisha Chausiku, baada ya swala ya alfajiri, bila neno la kuabudu chochote. Wanaelekea mashariki kwa sababu upepo wa asubuhi unaingilia upande huo wa ua, na viganja wanaviunganisha kifuani ili mtu asikie moyo wake unavyopiga. Faida yake, akasema, si mapafu peke yake. Inalegeza mgongo na viungo, inaleta usingizi, na inapoza moyo wenye moto. Aliposema moyo wenye moto alinitazama. Nikaaga.

Nikastahimili mpaka Ijumaa. Kila Ijumaa, hata baada ya kuolewa, nilikuwa nakwenda kwa Chausiku na chupa yangu ya mafuta kumkanda. Ijumaa hiyo nikamkuta anapepeta mchele huku anaimba. Anaimba, dada, mtoto aliyekuwa hawezi kuita kuku! Nikafungua chupa. Akanishika mikono, akaibusu, akaniambia nipumzike leo, kifua chepesi, na mama Shirin kasema akiendelea hivi huenda asihitaji tena kukandwa. Mama Shirin. Nikaifunga chupa. Njiani mafuta yalivuja yakanilowesha kanga, wala sikujali. Nilikuwa na wivu ambao sijapata kuwa nao hata marehemu mume wangu alipotaka kuongeza mke.

Haikupita wiki, habari zikamfikia Jabiri kwamba mkewe anaabudu jua. Kwamba kila alfajiri anaelekea mashariki, viganja kaviunganisha, anainama jua likichomoza, ilhali kibla chetu hapa kiko kaskazini na hata mtoto wa chuoni anakijua. Jabiri alimuuliza mkewe, mkewe akakataa katakata. Akamuuliza kama ni kweli anaelekea mashariki na kuunganisha viganja, na Chausiku, kwa kuwa hajui kusema uongo, akasema hilo ni kweli. Kijana akafadhaika. Akahamisha cherehani yake kutoka baraza ile, akaandika talaka moja, akanirudishia mtoto na sanduku lake.

Nitakwambia ukweli mmoja: nilifurahi. Nilimtandikia kitanda chake cha utotoni, nikampikia bokoboko. Analia, mie namfariji, na ndani yangu nasema karudi kwangu. Kwa Shirinbai nikampiga marufuku, nikamwambia asifanye tena mambo yale ndani ya nyumba yangu. Akanitii. Mtoto wako ana utii, dada, hilo umemrithisha wewe.

Mwezi wa pili wa eda, Jumamosi baada ya adhuhuri, pumu ikamrudia. Ilimjia kwa riba ya miezi yote iliyokaa mbali. Nikafanya niliyoyajua. Nikamkanda, nikafunga madirisha, nikamfukiza. Moshi ulivyozidi ndivyo alivyozidi kubanwa, midomo ikaanza kubadilika rangi, naye ananitazama tu, hawezi hata kuniambia niache. Jovina alipochungulia mlangoni alinipigia kelele kwamba namuua mtoto, akatoka mbio kuelekea dukani.

Shirinbai alikuja miguu mitupu kwenye mchanga wa saa nane. Hakunisalimu. Alikitoa chetezo nje kwa mikono yake, akafungua madirisha, akakaa chini nyuma ya Chausiku, mgongo kwa mgongo, wakaegemeana. Akaanza kupumua, akitoa pumzi polepole, midomo kaibana. Mgongo wa mwanao ukawa unausikia ule mgongo wa mzee unapanda na kushuka, na kidogo kidogo ukaanza kuufuata. Mie nilisimama na chupa yangu ya mafuta, sina pa kuiweka. Taiyeb, mtoto wa Shirinbai, akaleta motokaa, tukampeleka hospitali akapigwa sindano. Nilitegemea bibi yule ajisifu. Akasema mwenyewe kwamba yoga haishindani na sindano, kazi yake ilikuwa kumfikisha mtoto penye sindano akiwa hai.

Tuliporudi, Chausiku akamwomba Taiyeb aulete ule mkeka. Akauleta, wenye kimto cha sufi chenye pindo jekundu. Nikamuuliza mtoto ni wa nani. Akasema ni wangu. Kimto kakishona Jabiri, yeye Chausiku ndiye aliyempa kipimo, kwa sababu magoti yangu hayawezi sakafu ngumu. Kila alfajiri tangu siku ya kwanza walikuwa wanautandika. Shirinbai alikwisha kuniona nyuma ya makuti, akamwambia Chausiku asiniite, mtu mzima haburutwi, ataingia mwenyewe. Walikuwa wananingoja, dada. Yule bibi wa kudekezwa niliyemwonea wivu alikuwa mie.

Sasa lile lililonifanya nisimwite Marijani. Aliyempelekea Jabiri habari ni mie. Nilimfuata barazani akitunga uzi, nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Na nilipomwambia nilikwisha kunywa chai ya Shirinbai, nilikwisha kusikia habari ya upepo, na ya viganja, na ya kuchukua pumzi na kuacha ibada. Nilijua, nikasema vile vile. Jabiri aliniamini kwa sababu mie ndiye mama, na mama hawezi kumsingizia mwanawe. Alikuwa amekwisha kunishonea kimto.

Leo asubuhi nilimwita. Nikamkalisha ukumbini, Chausiku yuko ndani nyuma ya pazia la mlango, nikayasema yote kama nilivyokuandikia, sikupunguza. Jabiri akasema eda haijaisha, na kwamba anamrejea mkewe, niwe shahidi. Nilitamani apandishe sauti.

Chausiku akatoka na sanduku. Alinishika mkono kwa adabu zote, macho yake makavu. Akasema, "Kwaheri, mama mdogo."

Dada, ndivyo nilivyo kwake. Mdogo wake mama yake ni mama mdogo, hakunitukana, wala hakukosea. Lakini katika miaka kumi na sita leo ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. Sikumrekebisha. Nilisimama mlangoni mpaka wakapinda kwenye kona ya duka.

Mkeka hakuuchukua. Kauacha umekunjwa nyuma ya mlango, na sijui kama kausahau au kaniachia. Kesho baada ya alfajiri nitaubeba niende nao pale uani, nipite mlangoni, si nyuma ya makuti. Wakinitandikia nitakaa. Wasiponitandikia nitakuwa nimeurudisha.

Unisalimie shemeji, na wote waulizao habari zangu, wadogo kwa wakubwa. Wewe nakuomba radhi, na nakuomba usinijibu kwa mkono wa mtu. Chausiku mwandikie kwa anwani ya Jabiri.

Wasalaam,
ni mie mama mdogo wa mwanao,
Somoe binti Sadallah