Niliiona Maabara, Nikaipa Mstari Mmoja

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa mtu aliyezoea kuombwa ushauri kuliko kuuomba, na ukiona barua imenyooka kuliko moyo ulioiandika, niwie radhi, ni mazoea ya darasani. Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu cha umma, shahada ya biolojia, daraja la kwanza, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho, na sasa nafundisha somo hilo hilo katika shule ya sekondari. Baba ni fundi cherehani. Mama hutia vifungo na kupiga pasi katika duka lake. Na nyuma yangu yuko mdogo wangu wa kike, ambaye tangu utotoni tunamwita Kwanini, kwa sababu hajawahi kupewa jibu likamtosha.

Mwaka huu Kwanini amepata nafasi mbili. Chuo nilichosoma mimi kimempangia usimamizi wa ardhi, kozi ambayo hakuiomba wala hana habari nayo. Chuo kikuu kimoja cha binafsi kimemkubali kusomea sayansi ya maabara za tiba, jambo analolitaka tangu siku ile alipokaa kwenye benchi la hospitali akisubiri majibu ya damu ya mama, akamuuliza mhudumu maswali hadi akafungiwa dirisha. Anatakiwa kuthibitisha nafasi moja kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Kwetu, jambo kubwa huamuliwa kwenye meza ya kukatia. Baba hukunja kitambaa, huweka mkasi kando, na mwenye hoja huitoa akiwa amesimama. Safari hii aliniambia, "Wewe ndiye uliyepita njia hiyo. Nenda ukakitazame hicho chuo, utuandikie faida na hasara. Utakachosema ndicho tutakachofuata." Mama akaongeza, bila kuinua macho kwenye kifungo, "Wewe ndiye macho yetu."

Basi nikaenda, mshauri, na nakiri kwamba nilikwenda na hukumu mfukoni, maana kwa miaka minne nimebishana na kila anayenisikiliza kwamba vyuo vya binafsi ni maduka yenye mahafali, na nikafurahi nilipokuta chuo chenyewe kiko ghorofa ya pili na ya tatu juu ya duka la samani, msumeno wa maseremala unasikika hadi darasani, na maktaba ina rafu nne ambazo moja yazo imejaa majarida ya zamani, nikayaandika yote hayo kwa kalamu yenye afya, kisha wakanifungulia maabara. Kila mwanafunzi alikuwa na hadubini yake. Mhadhiri, mama wa makamo niliyemwambia kwamba nafundisha biolojia, aliniwekea kioo chenye tone la damu akasema, "Karibu, mwalimu, utuambie unaona nini." Nikainama. Nikazungusha skrubu hii, nikazungusha ile, nikaona ukungu mweupe na kope zangu mwenyewe. Msichana wa mwaka wa kwanza akasogea, akasema kwa upole, "Samahani, kaka, umeanza na lenzi kubwa. Huwa tunaanza na ndogo." Akageuza, na seli za damu zikajitokeza, za mviringo, safi, kama vifungo vilivyomwagwa mezani.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukiona vizuri kitu ninachokifundisha. Chuoni kwetu tulikuwa wengi na hadubini chache. Tulipanga mstari, kila mmoja akachungulia kwa kitambo cha pumzi mbili, kisha tukachora kutoka kitabuni. Michoro hiyo ndiyo iliyonipa daraja la kwanza.

Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa nne. Kuhusu maabara niliandika mstari mmoja: "Maabara ina vifaa vya kutosha kuwavutia wageni." Hakuna neno la uongo hapo. Nikausoma mbele ya meza, nikapendekeza chuo cha umma, na baba akazibandika kurasa zangu kwa pini kando ya kioo cha wateja, pamoja na vipimo vya maharusi. Kinyozi wa mlango wa pili alizisoma akicheka, "Mwanangu, huko hata mbuzi akilipa ada anavaa joho," na kila mteja akacheka naye, nami pia, ingawa mzaha huo aliupata kwangu.

Kwanini hakucheka. Alisoma kurasa zote, akarudia, hakuketi.

"Kaka, kurasa nne, na maabara imepata mstari mmoja."

"Muhtasari una kanuni zake."

"Rafu za maktaba umezihesabu. Hadubini je?"

"Maktaba ndiyo moyo wa chuo."

"Haya, kaka," akasema, akarudi kumsaidia mama vifungo. Kwa miaka kumi na tisa sijapata kumwona akiliacha swali njiani. Jana amemwambia baba kwamba atathibitisha usimamizi wa ardhi.

Usidhani sina hoja. Chuo cha umma ni ahadi ya nchi kwa mtoto wa fundi. Tukikimbilia kwingine sote wenye akili, nani atabaki kuidai ahadi hiyo? Ada ya kule ni nzito, na baba ameshasema kwamba ikibidi atauza cherehani yake ya pili. Chuo chenyewe ni kichanga. Kikimwangusha, lawama itakuwa yangu. Na nikisema ukweli sasa, wazazi wangu hawataniamini tena kwa lolote. Je, si afadhali ninyamaze, aende mahali ambapo, kwa vyovyote vile, ni chuo kikuu chenye heshima?

Wako,
Kaka Mtu

---

Kaka Mtu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama ilivyo desturi ya kwenu. Nianze na sifa, maana hazitachukua nafasi kubwa: hakuna aliyekukamata, na bado umekuja mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hajaharibika. Amekunjamana tu, na mama yako ana pasi.

Sasa tuje kwenye ule mstari wako. Unasema hauna neno la uongo. Nakubali, na ndiyo maana ni mbaya zaidi, kwa sababu mwongo wa kawaida angesema hakukuwa na hadubini, na mdogo wako angekwenda kuziona akamuumbua. Wewe umeutumia usomi wako kuujengea uongo nyumba ya maneno ya kweli. Muulize baba yako kuhusu suti iliyoshonwa kwa kitambaa halali, uzi halali na mkono hodari, ikamkaba mteja kwapani. Atakuambia kwamba fundi alichukua kipimo cha mtu mwingine. Ulitumwa umpime Kwanini, ukajipima mwenyewe.

Hoja yako juu ya vyuo vya umma ni ya kweli, na inastahili mtetezi mwenye mikono safi. Lakini chuo cha umma hakitetewi kwa kuficha hadubini za jirani. Hutetewa kwa kudai hadubini zake. Umekaa huko hadi ukahitimu. Niambie, wewe na hilo daraja lako la kwanza, ni lini uliandika hata barua moja kulalamikia ule mstari wa pumzi mbili? Ahadi ya nchi huidai aliyenyimwa. Hailipwi kwa kumtoa mdogo wako awe rehani.

Wala usidhani nawapigia debe wale wa juu ya duka la samani. Msumeno ni kero, rafu nne ni chache, na uchanga wa chuo ni jambo la kuuliza. Ila lilikuwa la kuuliza, na wewe hukuuliza, ulifurahi. Je, kozi hiyo inatambuliwa na baraza linalosajili wataalamu wa maabara? Usinijibu kwa cheti kilichotundikwa mapokezi. Nendeni kwenye baraza lenyewe. Yule mhadhiri wa makamo ni mwajiriwa wa kudumu, au atahamia chuo kingine muhula ujao? Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanafanyia mazoezi hospitali gani, na huko wanashika kazi au wanashika ufagio? Ada hupanda baada ya mwaka wa kwanza? Mwanafunzi akikwama ada katikati hupewa muda, au hutolewa kwenye chumba cha mtihani? Na kwa chuo chako: kuna njia ya kubadilisha kozi baada ya kuripoti, na ni wangapi waliofanikiwa kuipita? Hizo ndizo faida na hasara. Zile kurasa zako nne zilikuwa kumbukumbu za mhitimu.

Kabla sijasahau. Cherehani ya baba nimeiona ikiuzwa katika barua yako. Mshahara wa mwalimu nimeutafuta, sikuuona. Utafute na wewe.

Unaogopa kwamba hawatakuamini tena. Fundi anayesema "nimekosea kukata" wakati nguo bado iko mezani hutukanwa kidogo, kisha huulizwa kitambaa kimebaki kiasi gani. Anayenyamaza hadi asubuhi ya harusi ndiye anayepoteza wateja. Nguo yenu bado iko mezani mpaka Ijumaa, na unajua vizuri kwamba bila hofu ya siku hiyo usingeniandikia.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla ya baba, mwambie Kwanini peke yake. Mwambie habari ya ukungu na kope, usiruke kitu, na usimweleze kanuni za muhtasari. Akikasirika, mwache akasirike; hasira ni haki yake, nawe hujazoea kukaa kwenye meza ya mshitakiwa, itakufaa kujifunza. Kesho andika ukurasa wa tano, uusome mbele ya wazazi ukiwa umesimama, uubandike pale pale kando ya kioo. Zile nne usizichane, zisomwe zote kwa pamoja. Jumatatu mwende watatu, wewe, baba na yeye, bila kutangulia kupiga simu, na maswali aulize yeye. Baba aguse meza, aguse vifaa. Mtu aliyeishi kwa kutazama mishono ataona mengi ambayo shahada yako haikuona. Jumanne mwende kwenye baraza na kwenye chuo chako. Jumatano mkasi uwekwe kando, na safari hii Kwanini asimame kwenye meza ya kukatia, wewe ukae na mama kwenye vifungo.

Akichagua chuo cha binafsi, usimhesabie siku za kushindwa. Akichagua usimamizi wa ardhi baada ya kuona yote, huo utakuwa uchaguzi. Wa jana ulikuwa kujitoa. Mama yako alisema wewe ndiye macho yao. Basi anza na lenzi ndogo, kama ulivyofundishwa na mtoto wa mwaka wa kwanza, na ukikutana naye Jumatatu mwambie asante, kisha umwombe akuelekeze tena, maana una wanafunzi wako wanaokusubiri na michoro yako ya kitabuni.

Na ukitoka hapo, pita mlango wa pili kwa kinyozi, ukamvue yule mbuzi joho ulilomvisha.