Ng'ombe wa Mwalimu

Soko la Garsen,
Tana River.
12 Februari 2026

Mpendwa binti yangu Abdia,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo mwanangu? Miguu imepungua kuvimba? Na sauti, imerudi, au bado unafundisha kwa kunong'ona? Unakula umekaa chini, au ni kule kula kwako kwa kusimama kati ya darasa na darasa?

Huku kwetu sisi wazima, alhamdulillahi. Presha yangu imetulia na dawa nameza. Nduguyo Abdinur hajambo. Nyanya yako Hawo hajambo, ila masikio ndiyo hayo, mpaka umpigie kelele, kisha anakwambia usimpigie kelele. Joto usiseme.

Utashangaa kuona barua na juzi tu tumeongea. Kwa simu nimejaribu mara tatu na mara tatu ulimi ukakimbia. Nikisikia sauti yako nasema ya kukufurahisha. Hii naiandika kwa mkono wangu, kwa yale masomo ya ngumbaru, leo ni siku ya nne naiandika, makosa utanisamehe. Kadzo, anayeuza leso kibanda cha jirani, ndiye atakayezipiga picha karatasi hizi akutumie. Ameapa hatasoma. Nimemwambia hata akisoma, mambo haya Garsen yote inayajua. Usiyejua ni wewe.

Abdia, usitie sahihi ile karatasi ya Jumapili. Nalitanguliza hili usije ukakasirika katikati ukaacha kusoma. Ulisema mwisho wa mwezi shule yenu huko ng'ambo itakupa mkataba mpya, na juu ya ovataimu ya jioni na ya Jumamosi utaongeza Jumapili, ili ninunue fahali. Mwanangu, fahali huyo atakaa na nani?

Ng'ombe wako wamekufa.

Unakumbuka ulipoanza kutuma, ule mwaka wa majani mengi baada ya mafuriko? Nilinunua mitamba wawili, kisha wengine, wakazaa, tukaongeza. Kisimani watu wakawaita ng'ombe wa mwalimu. Nikifika nasikia, "Mpisheni Mama Mwalimu anyweshe kwanza." Mimi niliyetolewa shule darasa la pili. Nilipenda, sitakuficha. Nilipenda kupita kiasi.

Mwezi wa tisa mvua ilipochelewa, chifu alisema watu wauze mapema. Wewe nawe ulisema, mama, uza nusu. Baba yako mdogo Galgalo aliuza nusu ya wake, kisha akaja kunisihi. "Shemeji, wauze wangali wanatembea wenyewe kwenda sokoni." Nikamjibu kwamba ng'ombe wa mtoto aliye safarini hauzwi. Wala hakuna mila kama hiyo, niliitunga pale pale mlangoni. Akaniuliza, "Sasa unangoja wakuage?" Nikakasirika nikamnyima chai.

Mwezi wa kumi na moja walianza kulala wasiamke. Mimi na Abdinur tunawainua asubuhi, mmoja ameshika mkia, mwingine pembe, jioni wamelala tena. Pesa zako zote za ovataimu zikawa majani makavu ya lori na pumba. Wewe unasimama huko mpaka miguu inavimba, mimi huku namlisha ng'ombe ambaye kesho ni wa fisi. Hata hivyo sikukwambia acha.

Ukawa unauliza, "Mama, wamefika wangapi sasa?" Nikakwambia, "Abdia, tangu lini ng'ombe wakahesabiwa? Unataka kuwatia jicho?" Ukaniomba radhi. Ukasema umekaa ugenini mpaka umesahau ya kwenu. Siku hiyo nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli kwetu mifugo haihesabiwi kwa mdomo, lakini hiyo ni ya kuwalinda walio hai. Mimi niliifanya shuka ya kufunika mifupa. Wewe hukukosa lolote. Radhi ile uliyoniomba nakurudishia, haikuwa yangu.

Halafu kuna ile picha. Ulipoitaka nilimtuma Abdinur mtoni akawapige picha ng'ombe wa Galgalo, wale aliowaokoa. Alikataa. "Mama, Abdia anawajua ng'ombe wa baba mdogo mmoja mmoja." Nikamwambia basi apige kutoka mbali, jua likiwa nyuma yao. Usimlaumu nduguyo. Baada ya siku mbili ukanipigia unacheka, umewaonyesha watoto wa darasa lako hiyo picha, kila mmoja amechagua ng'ombe wake, akampa jina la kwao na kuandika habari zake kwa Kiingereza. Nikacheka nawe. Ulipokata simu chakula kilinishinda.

Sasa nahesabu, na kama ni jicho na linipate mimi. Walikuwa kumi na saba. Wamebaki watatu, yule mwekundu aliyevunjika pembe, mtamba wake, na ndama mmoja asiye na mama.

Pesa ya mwezi huu sijaigusa, iko kwenye simu ya Abdinur. Usitume nyingine ya ovataimu. Tunakula. Nauza chai na mahamri hapa sokoni, na maziwa ya chai yenyewe nanunua ya pakiti. Mwanamke wa Kiorma na maziwa ya pakiti, cheka ukitaka, wenzangu wanacheka.

Kazi ya kufundisha usiiache, hiyo ni fahari yangu hata bila ng'ombe. Mshahara wako ni wako. Ramadhani inaingia wiki ijayo nami sikutaka kuipokea na uongo huu moyoni. Ukiwa na hasira, kasirika, ni haki yako. Lakini piga simu unikasirikie kwa sauti. Usiniandikie "ni sawa mama" kama kawaida yako. Si sawa.

Nyanya Hawo anakusalimu, anauliza kama huko kuna msikiti. Abdinur anakusalimu, tangu ile picha hataki kunitazama usoni. Galgalo anakusalimu, nimemwomba radhi na chai amekunywa, vikombe vitatu. Nisalimie na wale watoto wako wa darasani. Kama utawaambia ukweli wa picha, waambie ni mama yako aliyedanganya, si wewe.

Mungu akulinde na kila baya, akupe afya ya miguu na sauti, na akupe Jumapili za kulala mpaka jua lipande.

Ni mimi nikupendaye, nikiona haya mbele yako,
Mama yako,
Sadia