Kitabu Kisicho na Treni

Katuba, Élisabethville, 6 Februari 1955

Baba yangu,

Pokea salamu, wewe na Edith anayekusomea. Macho yanaendeleaje tangu mvua zianze? Huku tuko wazima, ila nimechoka. Mchana kutwa napiga barua za ofisi kwa mashine, jioni napiga mambo yangu, na vidole havijui tena vinamtumikia nani.

Kifurushi atakachokuletea dereva wa lori la samaki ni kitabu. Nimekiandika mimi. Ni hadithi ya nchi yetu kama treni isingefika. Wazungu walikwama kusini, daraja la mto likawashinda, wakarudi kwao. Wafua shaba wetu hawakuacha kazi. Wakatengeneza masinia makubwa ya shaba ya kunasa jua, jua likachemsha maji, na leo hii, katika 1955 ya kitabuni, mitumbwi inakwenda yenyewe kutoka Pweto hadi Kilwa ya huko huko ziwani bila kasia. Ni uongo mtupu, Baba, lakini nimeupanga vizuri.

Nakala zinazunguka kwa watu wa cercle, chama chetu cha kusoma. Maoni yameanza kurudi. Donat, fundi viatu, amesema: "Hii kitabu iko muzuri, lakini kama treni haiko, bière inatoka wapi? Bantu banakunywaka nini?" Jeannot amerudisha nakala yake ina mafuta ya mawese, nadhani amekula juu yake. Chama kikikubali, yupo mpiga chapa aliyeahidi kukitoa kitabu.

Lakini maoni ninayoyangoja ni yako.

Mwanao,
Liévin


Pweto, 27 Machi 1955

Mwanangu Liévin,

Salamu zimefika. Macho ni yale yale, moto wa mashine ya treni uliyala zamani. Mimi nasema, Edith anaandika, na nimemkataza kupunguza ukali.

Alinisomea kitabu chako kwenye barza, na wazee wenzangu wakaja kusikiliza. Mimi nimetia makaa kwenye mashine ya treni tangu ujana wangu mpaka macho yakaanza kufa. Kwa makaa hayo ulisoma shule. Sasa umeamka asubuhi moja umeitupa treni, na mimi umeniweka sokoni hapa Pweto, nauza samaki wakavu. Jina umeliacha lile lile, Mumba, ili kila mtu ajue. Tena umeandika kwamba Mumba ni mchoyo, mnunuzi anaondoka na samaki aliowalipia tu, hata kadogo kamoja ka mbasela, ka nyongeza ya bure, haongezewi. Kweli ndivyo nilivyo, lakini ya nyumbani hayapelekwi sokoni.

Hayo ningeyameza. Lakini mama yako? Kunda alishuka kwenye treni akitoka kwao Sakania, ndipo nikamwona. Wewe umemwacha huko huko, ukamwoza kwa mwanaume mwingine. Kasonde akaniuliza mbele ya wote: "Sasa Mumba, mahari yako balikurudishia?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mke wangu yuko kaburini miaka yote hii, na mtoto wake mwenyewe amempatia bwana mpya.

Usinitumie maandishi mengine.

Baba yako,
Mumba


Katuba, 24 Aprili 1955

Baba,

Nakusalimu kwa heshima, na ninaomba unisikilize hata kama umenikasirikia. Afya yako? Edith anipe habari za kifua chako, maana wewe hutasema.

Sikumwoza Mama kwa dharau. Nilipoanza kuandika, treni ilikuwemo. Ilifika, Mama akapanda, akashuka hapa, mkaonana, nikafurahi sana kuandika hayo. Kisha mwezi wa baridi ukaja kwenye kambi ya reli, kama kweli ilivyokuwa, kikohozi kikamshika, na mimi mwandishi, mwenye uwezo wa kufanya mitumbwi itembee kwa jua, sikuweza kumponya. Nilibadilisha nyumba, nikaleta daktari, nikampa blanketi. Nikisoma tena, bado ni uongo, na uongo mbaya. Kila mara treni ilipofika, Mama alikufa. Basi nikaisimamisha treni kule mtoni.

Bei yake naijua. Mama Albertine, yule mshonaji, alimaliza kusoma, akauliza: "Na weye mwenye kuandika, uko wapi mu hii kitabu? Nilikutafuta, sikukuona." Nikamwambia simo, sikuzaliwa. Akasema: "Pole, mwanangu," kama vile nimefiwa.

Sasa chama kimetoa uamuzi. Floribert, président wetu, amesema hadithi inamuacha msomaji na njaa. Anataka sura ya mwisho ambamo daraja linajengwa, treni inafika, Mumba na Kunda wanaonana, wanaoana, harusi, basi. "Bantu banataka mapendo," amesema. Bila hivyo chama hakitakubali. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Hadithi ni yangu, lakini maisha ni yako na ya Mama. Nikiileta treni, utampata. Nikiiacha, ataishi. Uamue wewe, Baba, nami nitaandika utakalosema.

Mwanao,
Liévin


Katuba, 3 Julai 1955

Baba,

Salamu tena. Lori limekuja na kurudi, na ndani ya mfuko wa barua wa Pweto hamna yangu. Nimemuuliza dereva, amesema amekuona umekaa juani, umejifunga blanketi. Nashukuru kwa hilo.

Huku ni baridi, asubuhi majani yamekuwa meupe. Najua mwezi huu unakukumbusha nini, ndiyo maana sikusumbui kwa maneno mengi. Floribert ananidai sura ya mwisho kila tunapokutana. Nimempa udhuru wa kila aina na sasa umekwisha. Nimechoka, Baba. Hata ukinitukana nitaelewa, mradi barua ije.

Mwanao,
Liévin


Pweto, 21 Agosti 1955

Mwanangu,

Tuko, tunavuta siku. Kifua kinalia usiku, mchana kinapumzika, kinajua ratiba yake. Wewe pole na kazi. Edith anasema umekonda kwenye maandishi, sijui anaonaje.

Nimekuweka muda mrefu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ya mzee haina mbio. Barua yako ya Aprili nilisomewa mara moja nikaiweka chini ya godoro. Baridi ilipozidi nikamwambia Edith atoe kitabu, tusome wawili tu, bila Kasonde.

Akafika kwenye ukurasa ambapo Kunda ni bibi kizee. Meno yamemtoka, nywele nyeupe, anamgombeza mjukuu aliyemwaga unga, na huku anacheka. Nikamwambia Edith arudie. Akarudia. Kesho yake nikamwomba ukurasa ule ule, na keshokutwa, mpaka akaniambia, "Baba mkubwa, miye nimeshaujua kwa kichwa." Mimi sikumwona mama yako na unywele mweupe hata mmoja. Sikujua atazeeka vipi. Wewe umenionyesha, nami sina macho.

Basi mwambie huyo président wako asilete treni. Ibaki kule mtoni. Kunda akae kwao, azeeke, agombeze wajukuu wa mtu mwingine. Inaniuma, sitakudanganya. Inaniuma pia kwamba wewe hupo kitabuni, lakini wewe uko hapa unaniandikia, mimi nimeshapata. Yule bwana wake mahari nimemsamehe.

Ninaomba kitu kimoja. Hiyo mitumbwi yako ya jua inafika mbali. Siku moja, Kunda akiwa mzee, apande, apite Luapula, aje huku ziwani kutembelea watu wake. Apite sokoni Pweto. Anunue samaki kwa Mumba. Wasijuane, usiwajulishe, usimtie Mumba maneno ya ajabu mdomoni. Anunue, alipe. Halafu yule mchoyo amwongezee samaki mmoja, mkubwa. Asijue kwa nini. Mama aseme aksanti, aende zake.

Ni hilo tu. Nimechoka kusema, na Edith mkono unamuuma.

Baba yako,
Mumba


Katuba, 25 Septemba 1955

Baba,

Salamu kwako na kwa Edith, na kifua kisikie salamu hizi kinyamaze. Dereva ameniambia sasa hukai tena juani, unalala ndani. Nimeomba ruhusa ofisini, nitakuja na lori la kwanza watakaloniachia.

Nimeandika ulichosema. Kimechukua ukurasa mmoja tu. Kunda ananunua samaki, Mumba anahesabu, anamfungia, kisha anaingiza mkono kikapuni na kumtolea mmoja mnono ambaye alikuwa amemweka kwa chakula chake. Watu wa sokoni wanashangaa. Kunda anasema aksanti, anapanda mtumbwi, masinia yanageukia jua, anaondoka.

Nilikisoma jana mbele ya chama. Donat bado anaulizia bière. Mama Albertine alikunja kitambaa alichokuwa akishona. Floribert alikasirika. Alisema treni haikuja, harusi haiko, na chama hakitakipeleka kitabu kwa mpiga chapa. Kisha akashika ule ukurasa wa mwisho, akauinua watu wauone.

"Na hii je?" akasema. "Mama ananunua samaki, anaenda, byote bikaisha. Hapana kitu inafwata. Hadithi ilikuwa imeisha mbele yake. Hii page iko ya nini?"

Nikamwambia ni mbasela.

Mwanao,
Liévin