Printa ya Mjomba na Harusi Yangu

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada kabla ya Ijumaa maana Ijumaa nawekwa ndani na sitoki hadi nikahi, nami nina siri dukani kwa mjomba Idarusi aliyenilea, ana steshenari hapa Ngamiani yenye kompyuta tatu kuukuu zinazotumia mfumo wa Linux, mwaka jana bila kumwambia mtu nikaitoa ile programu inayoamsha kompyuta na huduma zake, nikaweka nyingine iitwayo OpenRC, nyepesi, ninayoielewa, na kweli mashine zikawa zinawaka upesi, mjomba akanisifu mpaka msikitini, ila printa ikawa haiamki yenyewe, nikasema nitairekebisha kesho, na kesho hiyo haijafika, kwa hiyo kila asubuhi nawahi kufika, naandika amri ya kuiamsha kabla mjomba hajaingia, sasa nikiwa ndani itakuwaje, na dada Semeni ninayefanya naye kazi anajua kutoa kopi tu, je, nirudishe ile ya zamani kimyakimya au niahirishe harusi, maana Rahimu nampenda lakini kumvunja moyo mjomba siwezi.
Najat, Ngamiani

Marahaba, Najat mwanangu. Uahirishe harusi kwa sababu ya printa? Rahimu wa watu kakosa nini? Nimecheka, kisha nikakuonea huruma, maana kudamka mwaka mzima kulinda siri kunachosha.

Nimemuuliza fundi wetu hapa ofisini. Anasema programu yako haina kosa, na kuiambia iamshe printa kila kompyuta inapowaka ni mstari mmoja tu. Haukukushinda huo. Ulipenda duka lisifunguke bila wewe, na sikulaumu sana, binti anayeondoka nyumbani hutaka akumbukwe.

Usirudishe chochote kimyakimya, ukimya ndio uliokufikisha hapa. Kesho baada ya Alasiri kaa na mjomba umwambie: "Nilibadilisha programu ya kompyuta bila kukuuliza, na printa naiamsha mimi kila siku." Atanuna, mwache anune. Hakukulea miaka yote hiyo aje akutupe leo.

Amri ya asubuhi mwandikie Semeni kwenye karatasi, ajisaidie kwa siku hizo chache. Siku ya hina aje nyumbani na printa pamoja na kompyuta yake, maana kuwekwa ndani hakuwazuii wanawake wenzio kukutembelea. Mstari wa kudumu auandike yeye, wewe umwelekeze kwa mdomo. Najua utatamani kumpokonya kibodi, ndiyo maana nimechagua siku hiyo, mikono yako itakuwa na hina mbichi. Kisha aizime, aiwashe, na printa ikiamka bila wewe kuigusa, vigelegele vya harusi yako vianzie hapo.